Kujikinga na kromu katika kiwanda cha ngozi: kuanzia gunia la dawa hadi kipimo cha mkojo

Kila kundi jipya la vibarua linapoingia kiwanda cha ngozi, iwe Nakuru au Kisumu, maswali huwa yale yale. Hii dawa ya kijani ina madhara gani? Maziwa yanaitoa mwilini? Mbona mikono inawasha hata Jumapili? Barakoa ya kitambaa inatosha? Mwongozo huu ni wako unayeanza kazi kwenye dramu (pipa kubwa linalozungusha ngozi na dawa), mashine ya kunyoa ngozi (kupunguza unene wake), msasa, upakaji rangi au usafi wa mitaro. Unamfaa pia mwenye karakana ndogo anayetengeneza ngozi ya mbuzi au ya samaki mbuta kwa mapipa machache nyuma ya nyumba, maana dawa ni ile ile na mara nyingi kinga ni pungufu.

Jibu la maziwa litangulie, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. Maziwa hayatoi mwilini kromu, yaani madini yaliyo kwenye dawa hiyo ya kijani. Hayasafishi mapafu wala hayazuii ngozi kuwasha. Kiwanda kikikupa pakiti ya maziwa, kunywa kama chakula, lakini usikubali yawe badala ya glavu, barakoa na maji ya kuoga.

Machache ya kujua kwanza

Kromu ya kiwandani ina hali mbili. Kromu ya tatu ndiyo unga wa kijani unaogeuza ngozi kuwa ya buluu. Ikiingia machoni, kwenye kidonda au kwenye pumzi inawasha na inaweza kuleta mzio. Kromu ya sita ni jambo jingine kabisa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Hutoboa ukuta wa katikati ya pua, huchimba vidonda kwenye ngozi na huleta pumu.

Wengi huambiwa, "Sisi tunatumia ya tatu tu, msiwe na wasiwasi." Ni kweli nusu. Kromu ya tatu hugeuka ya sita ikikutana na moto, klorini, au ngozi ikikaushwa kwa joto kali na kuachwa juani baada ya kupakwa mafuta yanayooza haraka, kama ya samaki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2015, hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili iwe na kromu ya sita kuanzia miligramu 3 kwa kilo. Kama mvaaji wa kiatu analindwa hivyo, anayeishika ngozi hiyo zamu nzima anastahili kulindwa zaidi.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Glavu nzito za mpira au za nitrili zinazofika karibu na kiwiko, jozi mbili, ili moja ikauke nyingine ikitumika. Glavu nyembamba za hospitalini hupasuka ukishika ngozi yenye chumvi. Glavu za ngozi usivae kabisa: nyingi zimetengenezwa kwa kromu hiyo hiyo, na zikilowa zinaifinya mkononi mwako.
- Aproni ya plastiki inayovuka magoti, na gambuti. Aproni ining'inie nje ya gambuti, na suruali iwe nje pia, isichomekwe ndani. Ukichomeka, maji ya dramu yanateremka moja kwa moja hadi kwenye vidole vya miguu na kukaa huko hadi jioni.
- Barakoa ya vumbi yenye alama ya FFP2 au N95 kwa kazi ya magunia. Kwa msasa, FFP3 au barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3. Ya kitambaa na ya upasuaji hazizuii vumbi hili.
- Miwani inayofunga pembeni zote.
- Seti mbili za ovaroli, na mfuko wa plastiki wa kuwekea ile chafu.
- Sabuni isiyo na manukato makali, na mafuta ya mgando ya kawaida.
- Daftari, kalamu, tochi ndogo, kioo na simu yenye kamera.
- Nakala au picha ya karatasi ya usalama ya kila kemikali unayoshika.

Vifaa vya kinga havikatwi kwenye mshahara wako. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri awape mavazi ya kinga yanayofaa wote wanaofanya kazi ya majimaji au inayogusa vitu vyenye madhara. Kibarua wa siku naye anahesabiwa.

Hatua ya 1: Jua unachoshika

Usianze kwa kuuliza bei ya siku, anza kwa kusoma gunia. Unga wa kawaida wa kijani ni kromiamu salfeti, na namba yake ya CAS, ambayo ni namba ya utambulisho wa kemikali duniani kote, ni 12336-95-7. Mara nyingi utaona pia 26 na 33: ya kwanza ni asilimia ya oksidi ya kromu ndani ya unga, ya pili ni kipimo cha ubesi wake, yaani kiasi asidi yake ilivyopunguzwa.

Ukiona chembe za rangi ya chungwa iliyokolea, simama. Hiyo ni daikromati, kromu ya sita yenyewe. Ya potasiamu ina namba 7778-50-9, ya sodiamu 7789-12-0. Karakana chache huinunua na kuipika na asidi na sukari guru ili kupata dawa ya kijani kwa bei nafuu. Upishi huo hautakiwi kufanywa kwa ndoo na mti wa kukorogea. Kama ndiyo kazi uliyopewa, ikatae, na mwambie mwenye karakana anunue unga wa kijani ulio tayari. Kati ya mambo yote yaliyo humu, hili ndilo tungependa ulishikilie bila kulegea.

Kwenye chumba cha rangi, angalia kopo za njano na za chungwa. Baadhi ya rangi hizo ni kromati ya risasi: kopo moja, madini mawili ya hatari. Namba ya CAS ya kutafuta ni 7758-97-6.

Hatua ya 2: Andaa mwili kabla ya zamu

Kata kucha ziwe fupi. Vua pete, saa na bangili, kwa sababu dawa hujificha chini yake na hapo ndipo muwasho huanzia. Kagua mikono: kila mkwaruzo ufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji, kisha glavu juu. Ngozi nzima huzuia sehemu kubwa ya kromu ya tatu, iliyochubuka haizuii.

Jaza glavu maji safi, zifinye, uone kama kuna tone linalotoka. Yenye tundu ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa maana mkono mtupu utaunawa, lakini ulio ndani ya glavu iliyovuja unarowekwa kwenye dawa kwa saa nzima ukidhani uko salama.

Usipake mafuta mikononi kisha uvae glavu za mpira ukidhani umeongeza kinga. Mafuta hulainisha na kuharibu mpira. Yapake baada ya kazi, mikono ikiwa safi.

Hatua ya 3: Kupima na kumimina dawa

Vumbi la magunia ndilo linaloingia puani kwa haraka zaidi asubuhi.

1. Vaa barakoa kabla ya kukata gunia, si baada ya kuanza kupiga chafya. Bana chuma cha puani, funika barakoa kwa viganja viwili na upulize. Ukihisi upepo kwenye mashavu au machoni, haijakaa. Ndevu haziruhusu barakoa kushika, kwa hiyo siku ya kazi ya vumbi nyoa.
2. Kaa upande upepo unakotokea.
3. Kata gunia likiwa limelala, mdomo ukiwa chini, ndani ya chombo unachomiminia. Usimwage kutoka urefu wa kiuno.
4. Kama mpangilio wa kazi unaruhusu, yeyusha unga kwenye maji kwanza, kisha ingiza majimaji kwenye dramu. Maji hayarushi vumbi.
5. Gunia tupu likunjwe kwa ndani, liingizwe kwenye mfuko wa taka za kemikali. Usilikung'ute. Usilibebe nyumbani kutilia mahindi au makaa.

Kwenye kazi ya asidi inayotangulia kromu, kumbuka mpangilio: maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya asidi kali yanachemka na kukurukia usoni.

Na dramu isifunguliwe wala kuingizwa mkono kabla ya umeme kukatwa na swichi kufungwa kwa kufuli. Ufunguo awe nao aliye kwenye dramu, si msimamizi aliye ofisini.

Hatua ya 4: Kutoa ngozi ya buluu

Hesabu hii inaonyesha kwa nini maji ya sakafuni si maji tu. Kwa kilo 1,000 za ngozi, kipimo cha kawaida ni karibu asilimia 8 ya unga, yaani kilo 80. Ukiwa na asilimia 26 ya oksidi, ndani yake kuna karibu kilo 14 za kromu. Katika utaratibu wa kawaida ngozi haimezi yote: karibu theluthi moja hubaki kwenye maji. Kilo 4 na zaidi za kromu zinazunguka miguuni mwako kila dramu moja inapofunguliwa.

Kwa hiyo acha dramu imwage maji yote kwanza kwenye mfereji uliofunikwa, ndipo uvute ngozi. Tumia ndoana au koleo la mbao kwa zile za ndani. Kunja ukingo wa juu wa glavu kuelekea nje, upana wa vidole viwili, ili unapoinua mkono matone yashikwe hapo yasiteremke hadi kwapani. Beba kwa toroli. Ngozi ya buluu inayobebwa begani hulowesha shingo na mgongo, na pale shati linaposugua ndipo vipele hutokea.

Ukilowa hadi ndani, badilisha nguo saa ile ile. Usingoje mapumziko.

Hatua ya 5: Kunyoa na msasa

Hapa ndipo mapafu huumia. Mashine ya kunyoa hutoa vipande vidogo vya ngozi, vizito kiasi, ambavyo hutua haraka. Msasa hutoa vumbi laini mno linaloelea kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Usipime hatari kwa macho: Marekani mwaka 2006 iliweka kikomo cha kromu ya sita kuwa maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa zamu ya saa 8. Kiasi hicho hakionekani hata kwenye mwale wa jua dirishani.

Barakoa ni ulinzi wa mwisho. Wa kwanza ni kifyonza vumbi kilichofungwa kwenye mashine yenyewe. Kabla ya kuanza, shika kipande cha karatasi nyembamba karibu na mdomo wa kifyonzaji. Isipovutwa, mfuko umejaa au bomba limeziba. Ripoti, na usiwashe msasa.

Makosa mawili tunayaona kila mahali. La kwanza ni kupuliza vumbi kwa bomba la hewa ya kompresa, mashineni au kwenye ovaroli mwisho wa zamu. Vumbi lililokuwa limetua linarudi hewani lote, na la nguo linakuingia usoni. La pili ni ufagio mkavu. Lowesha sakafu kwanza au tumia mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio kinachofaa.

Vipande vilivyonyolewa kwenye ngozi ya buluu havichomwi. Moto hugeuza sehemu ya kromu yake kuwa ya sita, na hiyo inabaki kwenye majivu na moshi. Visitumike kuwasha jiko, kujazia mito, kutandikia kuku wala kuwa mbolea ya sukuma.

Hatua ya 6: Mkono na mdomo

Kabla ya chai, chakula, sigara au miraa, nawa mikono mara mbili kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu uso. Beseni moja la kunawia watu kumi ni sawa na kupaka kromu kwa zamu. Kama bomba ni mbali, mtungi wenye koki na ndoo ya kupokea maji machafu unatosha.

Nawa pia *kabla* ya kwenda chooni. Vipele vya sehemu za siri ni aibu ambayo wengi huficha kwa miezi, na chanzo ni mkono uliotoka kwenye dramu.

Simu ibaki kwenye kabati. Ukiishika kwa glavu kisha ukaiweka sikioni, umejipaka.

Kutafuna miraa au bazoka ukiwa kwenye mashine ni kumeza vumbi mchana kutwa. Chakula hakikai chumba cha dawa, hata kama kimefungwa.

Hatua ya 7: Kutoka kazini

Osha glavu zikiwa bado mkononi. Vua ya kwanza kwa kushika nje karibu na kifundo, ya pili kwa kuingiza vidole safi ndani yake. Kisha aproni, gambuti, miwani, na barakoa mwisho. Wengi huvua barakoa kwanza kwa sababu inabana, wakati ovaroli bado inatoa vumbi.

Oga kiwandani kama bafu lipo. Badilisha nguo zote. Ovaroli ikiwezekana ifuliwe kiwandani. Kama lazima ije nyumbani, ije ndani ya mfuko uliofungwa, ifuliwe peke yake, kwa glavu, na maji yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Usiifulie pamoja na nepi za mtoto au sare za shule.

Usiiloweke kwenye Jik. Klorini iliyo ndani yake inaweza kugeuza kromu ya tatu iliyo kwenye nguo kuwa ya sita, na kama nguo ina asidi inatoa gesi inayochoma kifua. Sabuni ya kawaida na maji mengi vinatosha. Mwambie anayefua nyumbani, maana huyo hakuajiriwa kiwandani na hakuna aliyempa glavu.

Hatua ya 8: Jikague kila wiki

Chagua siku moja, mchana, mahali penye mwanga.

*Ngozi.* Tazama kati ya vidole, mizizi ya kucha, vifundo, mikono hadi kiwiko, shingo na miguu. Mzio huanza kwa wekundu, vipele vya maji na ngozi kupasuka. Kidonda cha kromu ni tofauti: kidogo, cha mviringo, kingo zimeinuka kama zimechongwa, katikati kina shimo, na mara nyingi hakiumi. Kwa sababu hakiumi hupuuzwa hadi kifike ndani. Piga picha kando ya sarafu ya shilingi 10 ili ukubwa uonekane, na uandike tarehe.

*Pua.* Penga taratibu. Je, kuna damu, magamba makavu, au mlio wa filimbi ukivuta pumzi? Mwenzako amulike kwa tochi tundu moja huku akitazama la pili. Mwanga ukipita wazi kama dirishani, ukuta umetoboka. Usichokonoe magamba kwa kidole. Kucha yenye dawa ndiyo inayopeleka kromu pale pale inapoharibu.

*Kifua.* Kikohozi au kubanwa kunakozidi usiku wa siku za kazi na kupungua mapumziko ni dalili ya pumu ya kazini. Nunua kipima nguvu ya pumzi kwenye duka la dawa. Simama, vuta pumzi yote, puliza kwa nguvu na kwa kasi, mara tatu, andika namba ya juu. Fanya hivyo mara 4 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, siku za kazi na za mapumziko. Jedwali hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo.

Hatua ya 9: Vipimo vya hospitali

Kipimo cha maana zaidi ni cha kabla ya kuanza kazi, kwa sababu bila hicho hakuna cha kulinganisha. Uchunguzi wa afya wa wanaofanya kazi za hatari hulipiwa na mwajiri, na hufanywa na mtaalamu wa afya aliyeidhinishwa na idara ya usalama na afya kazini. Omba nakala ya matokeo yako. Ukiugua, hospitali ya rufaa ya kaunti Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga Kisumu, au Moi Eldoret zinaweza kukupeleka kwa daktari wa ngozi au wa kifua.

Mwambie daktari maneno haya bila kuficha: "Nafanya kazi kiwanda cha ngozi, nashika kromu, kwa muda wa miezi kadhaa, kwenye kazi hii." Usipotaja, utatibiwa fangasi au mafua.

Vya kuulizia: kipimo cha mapafu cha kupuliza, uchunguzi wa pua, protini kwenye mkojo (kwa ajili ya figo), kromu kwenye mkojo, na kwa wa chumba cha rangi, risasi kwenye damu.

Kromu ya mkojo huharibika kirahisi kwa uchafu, kwa hiyo:

1. Toa sampuli mwisho wa zamu, siku ya mwisho ya wiki ya kazi.
2. Oga, badilisha nguo, nawa mikono kwa makini kwanza. Chembe moja ya vumbi la ovaroli ikiangukia kwenye chupa inatoa jibu la uongo.
3. Tumia chupa ya plastiki ya maabara yenyewe, si ya maji wala ya mtindi.
4. Iwekwe kwenye baridi hadi ifike maabara.
5. Sema kama unavuta sigara au unakunywa vidonge vya virutubisho. Vingine vina kromu.

Uliza mapema kama maabara inapima kromu yenyewe au inaipeleka kwingine. Ukipimwa damu, mkumbushe mtaalamu kwamba sindano ya chuma kisichoshika kutu inaweza yenyewe kuongeza kromu kwenye sampuli.

Kwa mikono isiyopona, kipimo ni cha viraka: daikromati ya potasiamu ya asilimia 0.5 kwenye mafuta ya mgando, inabandikwa mgongoni kwa saa 48, inasomwa siku hiyo na tena karibu saa 96. Mgongo usilowe siku hizo zote. Hufanywa na daktari wa ngozi. Usijaribu nyumbani.

Hatua ya 10: Andika, toa taarifa

Ugonjwa usioandikwa haupo mbele ya bima. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, baki na nakala yenye sahihi na tarehe. Ujumbe wa simu ni bora kuliko maneno matupu. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri akishapokea taarifa anatakiwa kumjulisha mkurugenzi wa usalama na afya kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo kwenye sheria hiyo, si ajali peke yake. Akikataa, nenda mwenyewe ofisi ya DOSHS, idara ya usalama na afya kazini, ya Nakuru au Kisumu na picha, daftari, jedwali la pumzi na barua ya daktari.

Kiwanda chenye watu 20 au zaidi lazima kiwe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Peleka suala la kifyonza vumbi na maji ya kunawa huko kabla mtu hajaugua.

Onyo la gesi, ingawa si madini

Maji ya chokaa na salfaidi yanayong'oa manyoya yakikutana na maji ya asidi au ya kromu kwenye mtaro mmoja, hutoka gesi ya hidrojeni salfaidi. Inanuka yai bovu mwanzoni. Ikizidi, karibu sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi na harufu inapotea huku gesi ikiongezeka. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote. Usiingie shimo, mtaro uliofunikwa au dramu ambayo hewa yake haijapimwa. Mwenzako akianguka humo, usimfuate ndani bila kifaa cha kupumulia. Piga kelele, washa feni, mvute kwa kamba kutoka nje. Wanaokufa kwenye mashimo haya mara nyingi ni waliokimbilia kuokoa.

Mambo yakienda vibaya

*Dawa imeingia jichoni.* Maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kukatiza, kope zikiwa wazi, kichwa kimelala upande wa jicho lililoumia. Kisha hospitali. Kama ni maji ya chokaa, endelea kumwagia hata njiani.

*Dawa imemezwa.* Suuza mdomo. Usijitapishe. Nenda hospitali na picha ya gunia.

*Kidonda cha shimo hakifungi baada ya wiki.* Osha kwa maji mengi, funika, acha kazi ya majimaji hadi kipone. Ndimu, majivu na mafuta ya taa havitumiki hapa.

*Mikono inawasha ingawa unavaa glavu.* Angalia mambo matatu kwa mpangilio: tundu, jasho, kisha mpira wenyewe. Glavu zikiwa zimelowa ndani kwa jasho, vaa za pamba chini yake na uzibadilishe mchana. Vipele vikiishia pale pale glavu inapoishia, pengine una mzio wa mpira. Jaribu za nitrili. Epuka krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu zinaficha dalili huku ngozi ikikonda.

*Ulipumzika wiki mbili, ukapona, ukarudi, vimerudi siku ya pili.* Huo ni mzio, na mzio wa kromu kwa kawaida haufi. Omba kuhamishwa sehemu kavu isiyo na kromu. Ukiamua kuacha kazi, usikimbilie mjengo: saruji nayo huwa na kromu ya sita, na mikono itawaka upya kwa siku chache. Viatu vya ngozi, mkanda wa saa na hata kava ya usukani wa matatu vinaweza kuchokoza mzio huo. Chagua viatu vya turubai au vya mpira.

*Una mimba au unanyonyesha.* Mwambie msimamizi kwa maandishi, omba kutoka kwenye magunia, msasa na hasa chumba cha rangi zenye risasi, ambayo hupita hadi kwa mtoto.

*Msimamizi anasema asiyetaka vumbi arudi nyumbani.* Usigombane peke yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inakuruhusu kuripoti hatari na kuondoka mahali penye hatari kubwa ya papo hapo. Andika saa, mashine na aliyekuwepo, piga picha ya kifyonzaji kilichoziba, na uripoti mkiwa wawili au watatu.